Mwaka Niliomweleza Bibi Wegesa Wokovu

Walipofika kwenye wasifu wa marehemu nilikuwa nimeshaamua kukaa kimya. Nilikuwa nimetoka Nkende, kule Tarime, mpaka Busawe kumzika Mzee Marwa kwa sababu ndivyo watu tunavyofanya: mtu akifa unakwenda, uwe ulimpenda au hukumpenda. Kijana aliyeshika maiki akasoma kwamba marehemu, mzee wa kanisa kwa muda mrefu na mtetezi wa imani, alikuwa mtoto wa marehemu Mzee Magige. Watu chini ya turubai wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nikacheka. Sikukusudia. Kicheko kilinitoka tu, kikavu, na mama aliyekaa mbele yangu akageuka kunitazama kama mtu aliyepiga chafya kwenye sufuria ya uji. Lakini hakuna mtu mzima pale ambaye hakujua kwamba Mzee Magige alizikwa miaka mingi kabla mimba ya Marwa haijatungwa. Mjane wa Magige, ambaye hakujaliwa mtoto, ndiye aliyetoa ng'ombe akaoa msichana, msichana akamzalia, na mtoto akaitwa mwana wa Magige. Huku kwetu nyumba ya namna hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Mwanamke anaoa mwanamke, si kwa mambo ya kitandani, ni ili mji wa mume wake, yaani boma lake na jina lake, usizimike. Yule msichana anamwita mama, kwa sababu kwa kweli ni mkamwana wake, mke wa mtoto wa kiume ambaye hakuzaliwa. Mwanamume wa kumzalisha anamtafuta mwenyewe, na watoto wote ni wa mji. Mtu haruhusiwi kuwauliza baba yenu nani. Baba yao ni yule aliyelala kaburini, basi.

Sina ugomvi na jambo hilo hata kidogo. Kanisa lilimzika Marwa kama mwana halali wa Magige na lilifanya vizuri. Ninajua pia kwamba kwa kuandika haya ninagusa mwiko, ila jina la Magige sikulitangaza mimi, wamelitangaza wao, tena kwa spika zilizosikika mpaka ng'ambo ya mto. Hasira yangu ni kwamba mtu huyohuyo, aliyepewa jina, mashamba na heshima na nyumba ya namna ile, ndiye aliyemfungia Bibi Wegesa mlango wa kanisa kwa sababu ya nyumba ya namna ileile. Nilikuwepo. Nilikaa pale pale kwenye benchi nikasikia kila neno, na miaka yote hii imepita bila hasira hiyo kupoa. Watu wananiambia nisamehe. Nimesamehe, lakini kusamehe hakujanifanya nisahau.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi wala mchumba. Habari za wazazi wangu na siku niliyookoka haziongezi kitu hapa, naziruka. Inatosha kujua kwamba nilikuwa mwembamba, nina sauti kubwa, na nilikuwa na hakika na kila kitu. Kanisa likaniambia niende Busawe mwaka mmoja niwe mwinjilisti msaidizi: nifundishe watoto Jumapili na kutembelea nyumba za wasioamini. Nilifika nikakuta nyumba ya kanisa imeezuliwa na upepo. Ikatafutwa nyumba ya kunipokea. Waumini wenye bati walikuwa wengi, ila ghafla kila mmoja alikuwa na wageni, au mgonjwa, au chumba kimejaa mahindi. Mzee Marwa, ambaye mji wake ulikuwa na nyumba tatu, alisema ataomba Mungu afungue njia. Njia ikafunguliwa na Bibi Wegesa, mpagani, aliyesikia habari zangu akiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Alikuja mpaka kanisani, hakuingia, akasimama mlangoni na debe lake la unga kichwani, akasema, "Huyo mtoto mnayemjadili kama ng'ombe wa wizi, nipeni mimi." Ndivyo kanisa lilivyokubali mhubiri wake alazwe na kulishwa na mtu ambaye mhubiri huyo ametumwa kumwambia kwamba amepotea.

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya ulezi. Ukuta ulikuwa umesilibwa upya kwa udongo na samadi kwa ajili yangu, na kwa wiki nzima nguo zangu zilinuka zizi. Kwenye kona kulikuwa na kapu kubwa la ulezi lililonifika kifuani, ambalo Bhoke alikuja kuchota kila alasiri akiniomba radhi, kana kwamba mimi ndiye mwenye nyumba. Bhoke ndiye aliyekuwa ameolewa na Bibi Wegesa. Hakunizidi umri sana. Alikuwa na watoto wawili, Chacha na Robi, na walikuwa wakicheza chini ya kitanda changu mpaka nilipozoea kuishi na minong'ono. Kuta za ndani hazikufika juu kwenye paa, kwa hiyo kila kilichosemwa jikoni nilikisikia. Kulipopambazuka niliwasikia wale wawili wakiongea huku Bhoke akifukiza kibuyu cha maziwa kwa kaa la moto: mbuzi gani ana mimba, jirani gani anasema nini, mtoto gani amekohoa. Waliongea kwa sauti zetu zile ambazo mgeni akizisikia hudhani panapigwa mtu. Siku moja nilimsikia Bhoke akisema, "Mama, huyu Mwalimu anakula kidogo." Bibi akajibu, "Mwache, amezoea mchele. Akiona njaa atakula ugali wa watu." Nikajua ninasemwa, na nikajua pia kwamba ninapendwa. Mchana nikala ugali wa mtama na muhogo mpaka nikalegea.

Bibi Wegesa alikuwa mrefu, mkavu, ndewe za masikio yake zimetobolewa na kuvutwa kama wazee wa zamani. Kila asubuhi alitoka nje, akaligeukia jua, akatema mate kidogo kama baraka, akalisemesha kwa jina lake, Irioba, akiuombea mji wake. Asubuhi ya kwanza nilimkemea. Nilikuwa mgeni wake, nimelala kwake, uji wake uko mkononi mwangu, na nikamkemea. Aliniangalia akacheka. "Na wewe unafumba macho na kuongea na dari," akasema. "Mimi angalau ninamwangalia ninayeongea naye."

Nilianza kazi yangu kwa karatasi zile za kuhubiria zilizochorwa: huku kuna mtu, kule kuna Mungu, katikati shimo, na msalaba umelala juu ya shimo kama daraja. Tulikuwa tumefundishwa kwamba mtu yeyote duniani akioneshwa picha ile anaelewa. Bibi Wegesa aliishika mbali na macho, akaigeuza, akasema, "Huyu mtu mmemchora miguu ya korongo. Halishwi?" Nikamweleza kwamba yule ni mwenye dhambi na hawezi kuvuka. Akaniuliza, "Nimemkosea nini huyo Mungu wako?"

"Sote tumemkosea, Bibi."

"Sikukuuliza sote. Mimi. Nitajie kosa moja."

Ni jambo gumu kumtajia dhambi mtu aliyekusilibia chumba. Nikataja uongo.

"Uongo nimesema," akakubali mara moja. "Nilimdanganya Nyamhanga kwamba maziwa yamemwagika, kumbe nimempa jirani mwenye mtoto mchanga. Sasa kwa hayo maziwa ndiyo anichome moto?" Nyamhanga alikuwa mume wake, aliyefariki zamani bila kumwachia mtoto wa kiume. Nikasema Mungu hamchomi mtu kwa maziwa. "Basi kwa nini karatasi yako ina moto?" akauliza, akanirudishia. Baadaye niliikuta imewashiwa jiko.

Alichotaka kujua sicho nilichofundishwa kujibu. Siku nilipomsimulia Yesu alivyokamatwa na kuuawa, aliacha kazi yake kabisa na uso ukabadilika. Nilifikiri Roho amemgusa. Kumbe alikuwa amekasirika. "Ndugu zake walikuwa wapi?" akauliza. Nikasema walikuwepo. "Walikuwepo? Wakakubali ndugu yao auawe bila kosa, wakaenda kulala? Hawakupiga yowe?" Kwake hilo ndilo lililokuwa chukizo. Huku ukiua mtu umewaua watu wote wa ukoo wake, na ukoo hauwezi kukaa kimya, itashikwa mikuki au watatolewa ng'ombe na wazee wapatanishe, lakini kitu lazima kifanyike. Nikamwambia mmoja wa wafuasi wake alichomoa panga, Yesu akamkataza. "Akamkataza!" Alisimama, akazunguka uani, akarudi. "Mtu wa namna gani huyo? Alikuwa anataka nini?" Nikamrudia lile la kwenye karatasi. Kwa siku kadhaa alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyejiunga na ukoo wa waoga.

Tulifika pale tulipofika wakati wa kumenya muhogo. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka, mimi, yeye na rundo la muhogo ambalo halikuwa likiisha, na Bhoke alikuwa mbele yetu kwenye jiwe kubwa akianika udaga, ule muhogo uliovundikwa. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kuacha maneno ya semina. Nikamwuliza: kijana wa ukoo akiua, naye hana kitu, damu inabaki juu ya nani? Akasema inabaki juu ya mji wote, watoto watakufa, ng'ombe watakufa, mpaka ng'ombe wa upatanisho watolewe. Nikauliza, na akitokea mwingine, ambaye hakuua, akatoa kutoka zizi lake? Akasema hilo lipo, mtu mwenye moyo anaweza kufanya. Nikamwambia, "Huyo ndiye Yesu. Ndiyo maana hakukubali ndugu zake wapige yowe. Alikuwa anatoa kutoka zizi lake mwenyewe."

Kisu kilisimama. "Kwa ajili ya watu wa kwao?"

"Kwa ajili ya yeyote. Hata yule ambaye kwao wamemkataa."

Bibi Wegesa akanyanyua macho akamtazama Bhoke aliyeinama juu ya jiwe. Habari ya Bhoke nilikuwa nimeisikia kwa vipande kupitia ukutani. Alipata mimba akiwa kwa baba yake, aliyempa akakana, na baba akatangaza kwamba binti yule ni hasara, alale na mbuzi mpaka ajifungue. Vijana waliokuwa wakipita walimcheka. Bibi Wegesa alikwenda pale na ng'ombe wake, mbele ya watu wote, akamtolea mahari kamili kama msichana asiye na doa.

"Sikuuliza tumbo la nani," akasema polepole. "Walitaka kunieleza, nikawakatalia. Nikasema ninamchukua na kilichomo. Chacha alipozaliwa nikampa jina la mji wa Nyamhanga, na tangu siku hiyo mtu akimwuliza ametoka wapi, anapigana na mimi." Alimaliza kumenya muhogo aliokuwa nao, akautupa kwenye beseni. "Basi huyo Yesu ametufanyia ntobhu. Ametukuta tumeharibika, ametoa ng'ombe wake, ametupa jina la mji wake, na hakuna mwenye ruhusa ya kutuuliza tumetoka wapi. Ndivyo?"

Nimesikiliza mahubiri maisha yangu yote. Nimewasikiliza wenye shahada na wenye suti nyeupe. Sijapata kusikia mtu aliyeuelewa wokovu upesi hivyo na kwa usafi hivyo, na nilitafuta kosa katika maneno yale, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kutafuta makosa, nikalikosa. Nikasema ndivyo. Hata leo ukiniuliza nitasema ndivyo.

Wiki iliyofuata alianza kuja kanisani. Alikaa nyuma, akauliza maswali katikati ya mahubiri, akazomewa, akauliza tena. Asubuhi bado alitoka nje kuligeukia jua, ila hakutema mate tena, alisimama tu na kusema, "Wewe uliyeliweka hapo, shikamoo." Kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kuimba kwenye mazishi. Alikuwa amesikia kwaya yetu kutoka ng'ambo ya bonde miaka mingi, kila alipokufa muumini. "Mnawasindikiza watu wenu vizuri," aliniambia siku moja tunakula dagaa. "Sisi tunalia tu mpaka koo linauma. Mimi nikifa nataka niimbiwe. Hilo tu. Mnibatize, na siku yangu ikifika waje wote waniimbie, mpaka Bhoke aache kulia." Alilisema kwa mdomo uliojaa ugali, kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Nikamwahidi. Sikuona kitakachozuia.

Kilichozuia kilikuwa kikao cha wazee. Mchungaji alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mpole, aliyetufikia mara moja kwa mwezi, na mambo ya Busawe aliyajua kwa jinsi alivyoelezwa na Mzee Marwa. Tulikalishwa kwenye benchi mimi na Bibi Wegesa, wazee mbele yetu wamepanga miguu. Mzee Marwa alianza kwa kusema mbingu inafurahi. Akaendelea kwa kusema lakini Mungu ni Mungu wa utaratibu. "Mama Wegesa, huwezi kuingia katika nyumba ya Bwana umeshika mke mkononi. Hiyo ni mila ya giza. Umrudishe huyo binti kwa baba yake, watoto wamfuate mama yao, ndipo tukubatize."

Nilisema kwamba baba yake alishawatoa wale ng'ombe mahari ya kijana wake na kwamba atampokea Bhoke kwa fimbo. Nilisema watoto hawatakuwa na jina wala pa kulala. Mchungaji akakuna kidevu, na kwa heshima yake niandike kwamba aliuliza, "Hawezi kuishi naye kama binti yake tu? Huyo dada aache wanaume, tumwombee, wabaki pamoja?" Kulikuwa na upenyo pale. Bibi Wegesa angeukubali, na Bhoke alikwishaniambia kwamba mwanamume aliyekuwa akija hakuwa akija tena. Ni Mzee Marwa aliyeuziba. "Mchungaji, wewe ni mgeni," akasema. "Sisi tunaijua mila hii. Aliyetolewa ng'ombe si binti. Tukilegeza hapa, tumekubali giza. Watoto wa nyumba hizo ni watoto wa uzinzi."

Alilisema hilo. Mwana wa mji wa Magige alilisema hilo bila hata kope kutikisika, na wazee wenzake, waliocheza naye utotoni, wakaangalia viatu vyao. Nimelifikiria mara nyingi na sipati maelezo mengine ila woga. Kuna mtu akishaingia ndani anakuwa wa kwanza kuusukuma mlango, asije akaulizwa yeye alipitia wapi. Damu ilinipanda kichwani. Nilifungua mdomo nimwulize mbele ya mchungaji yeye alizaliwa katika nyumba gani, na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, ndipo Bibi Wegesa aliponikamata goti. Alikuwa na mkono wa mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote. Aliniminya mpaka nikafumba mdomo kwa maumivu, naye akasema, "Tumesikia, wazee," akanyanyuka.

Njiani nilimlipukia. "Kwa nini hukuniacha niseme? Yule naye ni wa ntobhu! Kila mtu anajua!"

"Yule ni mwana wa Magige," akasema.

"Bibi, anakufungia mlango!"

"Anifungie." Alisimama njiani akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa na hasira na mimi. "Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kumwuliza mtu alikotoka. Sasa nimfukuze mtoto wa watu kwenye mji wake ili mimi niingie kwenye wenu? Usilitamke tena hilo neno." Tulipofika nyumbani nikakaa kwenye kile chumba cha ulezi nikalia kwa hasira, kwa sababu ilionekana wazi kwamba katika Busawe nzima aliyekuwa ameelewa mahubiri yangu alikuwa mmoja, naye ndiye aliyezuiwa.

Jumapili ya ubatizo alikuja hivyohivyo. Alivaa kitenge kipya, Bhoke ameshika mkono wa Robi, Chacha amepakwa mafuta mpaka anang'aa, wakakaa benchi la mbele. Mzee Marwa akaita majina, jina lake halikuwemo. Bibi Wegesa akasimama. "Mimi je?"

Mchungaji aliuliza kwa sauti ndogo, bila kumtazama, "Mama, umemrudisha?"

"Sijamrudisha. Mlinifundisha kwamba Yesu hamrudishi aliyemchukua. Sasa mimi nimrudishe wangu, halafu niende kwake nikaseme nini?" Alisubiri jibu. Nadhani alilitaka kweli, hakuwa akibishana. Akamshika Chacha mkono wakatoka, Bhoke nyuma yao na Robi mgongoni, na mimi nikiwa nimesimama na watoto wa Jumapili waliotakiwa kuimba nikawaambia leo hatuimbi. Hilo nalo liliandikwa katika makosa yangu.

Alikufa kiangazi kilipokaza, kifua kikimbana. Siku za mwisho alilala kwenye ngozi yake jikoni, kwa kuwa alikataa chumba chenye giza, na Bhoke akawa anamnywesha uji kwa kijiko na kumfokea ameze, naye anamfokea Bhoke kwamba umeungua. Aliniuliza mara moja tu: "Wataimba?" Nikasema wataimba. Nilikwenda kwa Mzee Marwa jioni ileile kabla jua halijazama. Alikuwa anakula. Alisikiliza, akanawa mikono, akasema kanisa haliwezi kumsindikiza ambaye hakuingia. Nikamwambia hakuingia kwa sababu wewe ulisimama mlangoni. Akaniambia nichunge ulimi, mimi ni mtoto.

Siku ya mazishi kwaya walikuja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Walikuja, kwa kuwa Bibi Wegesa alikuwa amewalimia, amewapa maziwa, amewazalisha wake zao, wakasimama nje ya ua wa mji, kwenye njia, wamefunga midomo, Mzee Marwa yuko nao kuhakikisha. Watu wazima, sauti nzuri vile, wanaangalia kaburi. Nikaanzisha wimbo peke yangu. Sauti yangu ni kubwa lakini si ya kuimbia, ilipasuka mstari wa pili. Bhoke akaingia kwenye kiitikio, kwa sababu ndicho pekee alichokijua, na tukaimba kiitikio kilekile mpaka kaburi likajaa. Chacha na Robi walitupa udongo kama wana wa mji wa Nyamhanga, na hakuna aliyewauliza kitu. Mwezi haukuisha, nikarudishwa Tarime kwa kuleta vurugu katika kazi ya Bwana. Sikuacha kuamini, jambo ambalo limewashangaza wengi. Nisingeweza kuacha. Nilikuwa nimeshaelezwa wokovu na Bibi Wegesa.

Ndiyo hayo niliyokuwa nayo kichwani nilipocheka kwenye wasifu wa Marwa. Walimwimbia nyimbo nyingi sana. Kwaya ya wanawake, kwaya ya vijana, kwaya ya wageni kutoka Ringwani. Kaburi likawekwa saruji, watu wakanawa mikono, kikaletwa chakula, na mimi nikachukua sahani yangu ya wali na nyama nikaenda nyuma kwenye mafiga walipokaa akina mama wapishi, kwa kuwa chini ya turubai nilikuwa nimeshaharibu. Hapo ndipo Bhoke aliponishika bega. Sasa naye ni bibi, mvi kichwa kizima, na mguu mmoja unamsumbua. Chacha amejenga nyumba ya matofali katika mji uleule. Tulishikana mikono tusiachane.

"Nilisikia kicheko nikajua ni Mwalimu," akasema.

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akaniambia kuna kijana, mwinjilisti mpya, mtoto mzuri, ndiye aliyesoma wasifu. Amekuwa akija kwake kumweleza habari za wokovu, na wajukuu wanamsihi akubali, kwa kuwa daktari amesema moyo wake umepanuka na hawajui itakuwa lini. "Simkatalii," akasema. "Anaeleza vizuri, ana picha kwenye simu. Mimi nimemwuliza kitu kimoja tu. Nimemwuliza, nikiokoka, nikafika huko, Mama nitamkuta? Akasema kama hakubatizwa, hawezi kunidanganya, hayupo. Nikamwambia basi nenda na picha zako. Mtu aliyenitoa kwenye banda la mbuzi hayupo, mimi nimfuate nani huko?" Hakuwa analia. Aliniangalia kama Bibi Wegesa alivyomwangalia mchungaji siku ile, akisubiri jibu kweli. "Wewe ndiye uliyetuletea haya mambo. Niambie. Yupo au hayupo?"

"Yupo," nikasema.

"Usiniambie mimi hapa kwenye moshi. Mwambie yeye, na mimi nikisikia."

Nikaacha sahani. Nikampa mkono akanyanyuka, tukapita katikati ya viti mpaka kwenye meza ya wageni wa heshima, ambako yule kijana alikuwa amekaa na wazee wa kanisa wanakunywa soda. Alisimama haraka akaniamkia shikamoo. Nikaitikia, nikamvutia Bhoke kiti akakaa, na sikupunguza sauti.

"Mwanangu," nikamwambia, "umetusomea kwamba huyu tuliyemzika ni mwana wa Mzee Magige. Ni kweli au si kweli?"

Mzee mmoja akaweka chupa chini. Kijana aliwatazama wakubwa wake mmoja mmoja, akakosa msaada, akanirudia mimi. "Ni kweli, mama," akasema. "Ni mwana wa Magige."

"Vizuri. Ni kweli kabisa, na asitokee mtu wa kubisha. Sasa kaa chini," nikamwambia, "nikueleze wokovu."